Sura ya Tisa: Nukta Zilizokaa Uani

Mlango wa kumi na mbili nao ulikuwa mtupu. Inspekta Mwatum Shaib aliupapasa kwa kiganja kutoka juu mpaka chini, akachungulia fremu, akainua hata pazia, kisha akasonya msonyo mrefu mpaka kuku wa jirani akageuka.

Milango kumi na miwili, wiki tatu nzima, na hakuna askari hata mmoja aliyeona vyema kuitazama! Jalada lilikuwa na kurasa themanini. Ukurasa wa kumi na nne ulisema mdadisi Mselem alihoji kaya kumi na mbili za kijiji cha Mtondooni siku ya Alhamisi, na kwamba alibandika stika ya njano yenye namba kwenye kila mlango, kama ilivyo kawaida ya utafiti. Aliyeandika hayo ni msimamizi wake, Ibrahimu. Walioamini ni kituo kizima. Wallahi kuna watu wanalipwa mshahara kufumba macho.

"Afande, labda ni mvua," alisema Konstebo Yasini.

"Mvua gani hiyo? Ibandue stika kumi na mbili, iache bango la mgombea wa uchaguzi uliopita?"

Yasini akatazama viatu vyake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi na chafu. Mselem, kijana wa Ngamiani, Tanga mjini, alikuwa mmoja wa wadadisi waliotumwa kuuliza kila kaya inapata nini na inakula nini, ili majibu yajumlishwe na ya nchi nzima katika kukadiria pato la taifa. Jumapili alfajiri, wanawake wa Mtondooni walikwenda kuteka maji ya kuoshea masufuria ya Maulidi yaliyosomwa usiku ule. Kwenye kisima cha magofu, kisichotekwa ila maji mengi yakihitajika, wakamkuta Mselem, kichwa kimepasuliwa. Daktari alisema amekufa tangu Alhamisi. Kisima kimo katikati ya minazi anayoikwea Sele, na mkwezi hakosi panga, basi adhuhuri hiyohiyo Sele akatiwa pingu. Jumatatu Ibrahimu akawaletea polisi kishikwambi cha marehemu, akisema amekiokota kando ya kisima. Dodoso la mwisho lilikuwa limejazwa Alhamisi, nyumbani kwa Sele. Polisi wakashukuru, wakafunga mjadala.

Mwatum alikabidhiwa jalada juzi, baada ya mpelelezi wa kwanza kuhamishwa. Jana alimhoji Hasina, mdadisi mwenzake Mselem, akatapika yote: Ibrahimu aliwakalisha katika nyumba ya wageni Pangani, wakajaza madodoso kwa kubuni huku wanakunywa chai, na posho za safari zikaishia mfukoni mwake. Mselem peke yake alikataa, akaapa kwamba atalisema jambo hilo kwa wakubwa wa Tanga. Lakini maneno ya Hasina yalikuwa maneno tu. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka, kosa la kuua kwa kukusudia, na jina juu yake ni la Sele.

"Dada Mwatum!" aliita Nasra kutoka kwenye boneti ya gari, ambako alikuwa amefungua kompyuta yake. "Njoo uone uchafu mwingine."

Nasra alikuwa mtu wa mambo ya kale. Kwa miaka miwili alikuwa akipima magofu ya Mtondooni, kila kigae akikiwekea nukta yake kwenye ramani, ili ajue wenye mali wa zamani walikaa wapi na maskini walikaa wapi. Penye vigae vingi vya kauri ya China palikuwa pa tajiri. Penye vigae vya vyungu vitupu palikuwa pa mnyonge. Na kwa kuwa wafu hawaulizwi, alipima pia kijiji cha walio hai: milango, nyua, majaa, apate kujua binadamu anavyotupa vitu vyake. Wanakijiji walimwita Bibi Takataka, naye hakukasirika.

"Hizi ndizo nukta za kishikwambi," alisema. "Kila moja ni mahali dodoso lilipofunguliwa. Chombo hiki hukosea hatua nne, tano. Lakini kosa la chombo halina upendeleo, Dada. Nukta moja itaangukia mbele ya nyumba, nyingine nyuma, nyingine kwa jirani. Sasa tazama."

Mwatum akavaa miwani. Nyumba za Mtondooni zilisimama safu moja, baraza zikitazama njia ya msikiti, nyua zikitazama mikoko. Nukta zote kumi na mbili zilikuwa upande wa mikoko.

"Zote uani," alisema.

"Nyuma hata ya uani. Jaani."

Yasini akapiga kofi pajani. "Basi afande, kesi imekwisha! Mselem alikuwa anawazungukia wake za watu. Sele kamfuma."

"Wake kumi na wawili kwa asubuhi moja? Huyo si mdadisi tena, ni jogoo."

Yasini alicheka, lakini Mwatum hakucheka. Alikwisha kuona mwendesha mashtaka atakavyolipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Mpaka jana polisi walikuwa na kisima na panga. Leo ramani ilikuwa imewapa wivu, na mtu hunyongwa kwa wivu. Amekuja kumtoa Sele shimoni, na kila hatua anamfukia.

Lakini jambo moja lilimkwaruza. Mgeni mwanamume, pwani yote hii ya Mtang'ata, hupiga hodi barazani, hukaa barazani, hata maji ya kunywa huletewa barazani. Mselem mtoto wa Ngamiani alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Mdadisi mwenye barua ya serikali na kitambulisho shingoni ana haja gani ya kupita majaani, aking'atwa na mbu wa mikokoni? Aliyepita kule ni mtu aliyetaka kishikwambi kionekane kimefika, na yeye mwenyewe asionekane.

"Twende kwa mke wa Sele," alisema. "Yasini, weye utabaki barazani na Mzee Mwinyijuma."

Mzee Mwinyijuma alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na tangu asubuhi alikuwa akiwafuata kwa tasbihi yake.

Mastura alikuwa uani anakuna nazi. Aliamkia "Shikamoo mama" bila kuinua macho. Ndani, nyuma ya pazia, alikohoa mama mkwe wake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na karatasi nikusomee. Inasema hii kaya yako inakula nyama mara tatu kwa wiki."

Mbuzi ya kukunia ikanyamaza.

"Na ina jokofu."

"Jokofu?" Mastura alitazama paa la makuti, akatazama nguzo ya umeme iliyoishia huko msikitini. "La kuchomeka wapi? Mama, nyama ya mwisho kuingia nyumba hii ni ya sinia la Maulidi. Kabla ya hiyo labda Idi."

"Basi hakuna mdadisi aliyekuja hapa kukuuliza?"

"Hajaja mtu barazani kwetu."

"Sijauliza barazani."

Mastura akashika upindo wa kanga yake, akautia mdomoni kama mtoto. Mwatum alivuta kigoda, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mwanangu. Mimi nimeosha wengi. Sema, na kama halina maana litakufa hapahapa."

Akasema, lakini kwa sauti ya chini ili pazia lisisikie. Ilikuwa Jumapili ile, alasiri. Wanaume wote walikuwa wamefuatana na Sele kituoni Pangani. Alikuwa amekaa hapa uani, hajiwezi kwa kulia, akasikia nyayo jaani. Alipochungulia akamwona mwanamume ameshika kitu cheusi kama sahani, anakitazama, anakigonga kwa kidole. Akampigia kelele: we nani, uani kwa watu hapapigwi hodi? Yule mtu akashtuka, akaangusha kitu kingine, akasukumia taka juu yake kwa kiatu, akaingia mikokoni.

"Uso uliuona?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Na wiki tatu zote umenyamaza, mumeo yumo ndani?"

"Nimwambie nani, mama?" Machozi yakamtoka. "Mchana mume wangu katiwa pingu, alasiri kuna mwanamume uani kwangu. Ningelitamka hilo, mama mkwe angeniandikia talaka yeye mwenyewe kabla mwanawe hajarudi. Na kijiji je? Nilidhani ni mpita njia kaja kujisaidia. Sikujua kama lina uzito."

Mwatum alimpiga begani taratibu. Hakumkasirikia. Aliwakasirikia askari waliomhoji kila mwanamume wa Mtondooni mpaka anayesaga meno usiku, wasimwulize mwanamke mmoja swali moja.

"Jaa lenu ni lile lile?" aliuliza Nasra kutoka mlangoni. "Hamjalichoma?"

"Tangu Sele aondoke? Nani alichome?"

Nasra akakunja mikono ya gauni lake.

Ah, jaa la nyumba ya mkwezi asiyekuwepo! Mwatum alikwisha kutazama maiti za siku tano bila kukunja uso, lakini hapa ilibidi ajifunge ushungi puani mara mbili, na bado. Juu kulikuwa na matumbo ya samaki yanayochemka kwa funza. Chini yake pampasi za mtoto wa jirani, zimevimba kama mikate. Machicha ya nazi yaliyochacha, magamba, kichwa cha papa chenye jicho moja, na maji meusi yanayochuruzika kuelekea kwenye viatu vyake vya heshima. Nzi waliinuka wote kwa pamoja, wakampiga usoni.

"Kefule!" alitema mate. "Lahaula! Na huku nimesomeshwa miye."

Mzee Mwinyijuma, aliyeitwa awe shahidi, alisimama upande upepo unakotoka, mkono wa kanzu puani. Yasini alipiga picha huku akitokwa na machozi. Ni Nasra tu aliyeonekana yuko nyumbani kwake. Alipiga magoti na mwiko wa mwashi, akaikata taka wima kama anayekata keki, akaanza kuondoa kipande cha upande mmoja, tabaka kwa tabaka.

"Kuku hawajalivuruga?" aliuliza Mwatum.

"Kuku hupekua juu tu. Mastura anamwaga majivu ya jiko kila asubuhi, na majivu yanashika. Ona mistari hii ya kijivu, Dada. Kila mmoja ni siku moja."

Alihesabu mistari kwa ncha ya mwiko. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mwiko ukagonga kitu laini. Nasra akaacha mwiko, akatumia vidole.

Kilikuwa kifurushi cha njano, kimefungwa kwa mpira. Stika kumi na mbili, namba zikifuatana, hata moja haijabanduliwa karatasi yake.

"Usiinue!" alifoka Mwatum. "Yasini, picha. Nyingine. Weka rula. Sasa tuonyeshe kilichopo chini yake."

Chini ya kifurushi, pamoja na mstari mmoja wa majivu, kulikuwa na mifupa ya mbuzi, iliyotafunwa mpaka ikang'aa, visahani vya karatasi vyenye mafuta ya pilau, na vipande vya karatasi za kijani zilizopamba msikiti. Mzee Mwinyijuma aliinama, akasahau pua yake.

"Hii ni Maulidi yetu," alisema. "Hizi karatasi nilizikata mimi kwa mkono wangu."

"Na kabla ya hapo?"

Nasra alichimba mpaka kwenye mchanga mweupe. Dagaa, majivu, magamba ya mihogo, majivu. Hapakuwa na mfupa mwingine wa mnyama, ila hilo fungu moja dogo la Maulidi.

"Nyama mara tatu kwa wiki," alisema, akifuta mwiko kwenye goti. "Ndivyo tulivyoandikwa tumetajirika. Ukimwuliza mtu atasema anachotaka usikie, na akikosa wa kumwuliza anajiandikia mwenyewe. Jaa halina wa kumwonea haya."

Mwatum alikunja kidole cha kwanza. Alikuwa anahesabu siku vidoleni. Mselem kafa Alhamisi. Maulidi Jumamosi usiku, mifupa ikatupwa Jumapili asubuhi. Stika ziko juu ya mifupa. Kwa hiyo aliyezitupa alikuja Mselem amekwisha kufa, na Sele amekwisha kufungwa. Saa ya kishikwambi hurudishwa nyuma kwa kidole kimoja. Jaa halirudishwi.

Bado hakuwa na jina. Wakili yeyote mwenye ulimi angesema stika zilitupwa na yeyote. Alinawa kwa majivu, akanawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, na mikono ikanuka vilevile. Kisha akampigia simu Ibrahimu, kwa sauti tamu, akamwomba afike Mtondooni kuthibitisha mali ya ofisi iliyookotwa.

"Sikilizeni nyote," alisema baada ya kukata simu. "Neno Jumapili lisitoke kinywani mwa mtu. Atakayelitamka atalala ndani na huyo mwuaji."

Ibrahimu alifika saa tisa, katika gari lililopandishwa vioo, viatu vinang'aa. Manukato yake yalitangulia barazani kabla yake. Wazee watano walikuwa wamekaa na mwenyekiti wao. Aliwaamkia vizuri mmoja mmoja. Mwatum akampa mkono. Ibrahimu akaunusa kutoka mbali, akaweka wake kifuani.

"Samahani, Inspekta. Nina mafua."

"Hukukosea. Nimeshinda jaani." Aliweka mfuko wa vielelezo juu ya mkeka. "Unazijua hizi?"

Ibrahimu aliinama, hakugusa. "Ni za Mselem. Namba ndizo nilizompa."

"Uliandika kwamba zilibandikwa milangoni."

"Niliandika alivyoniarifu. Kumbe alizitupa Alhamisi ile, mvivu. Mama yangu, vijana wa siku hizi unawajua."

"Alhamisi."

"Alhamisi, ndiyo. Kabla huyo mkwezi hajammaliza."

"Nawe kijijini hapa ulipata kufika?"

"Kisimani tu, Jumatatu, nilipookota kishikwambi. Nyumba hizi leo ndiyo mara ya kwanza kuziona."

"Mastura," aliita Mwatum. "Njoo, mwanangu."

Pazia la mlango wa mbele likatikisika, lisifunguke. Mwatum alijua kinachopita kichwani mwa yule mwanamke. Akitoka, kijiji chote kitajua kabla ya magharibi kwamba palikuwa na mwanamume uani kwake. Asipotoka, mumewe kesho anageuka mwuaji kwa maandishi. Hakumwita mara ya pili. Haikuwa haki kumwita mara ya pili.

Mastura akatoka. Kanga ilimfunika mpaka kwenye nyusi. Alimtazama Ibrahimu usoni, akamwinulia kidole.

"Ni huyu. Alikuja uani kwangu. Nikamfukuza, akaangusha kitu jaani."

Mzee mmoja akasema "Astaghfirullah" polepole. Ndani ya nyumba, kikohozi cha mama mkwe kilikatika katikati.

Ibrahimu akacheka. Aliwageukia wazee, mikono wazi, mwanamume mbele ya wanaume wenzake.

"Wazee wangu, mmesikia wenyewe? Mume yuko mahabusu, mke anapokea wanaume uani. Huyu ndiye shahidi wa serikali? Mwanamke wa namna hii?"

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Mwinyijuma aliacha kuhesabu tasbihi. Yasini alifumbua mdomo, akaufumba, akamtazama afande wake.

"Rudia," alisema Mwatum.

"Nirudie nini?"

"Hapo pa mume yuko mahabusu."

Ibrahimu akashusha mikono.

"Mastura hakutaja siku. Mimi sikutaja siku. Aliyetaja siku ni wewe, Alhamisi, na ukaikariri. Alhamisi Sele alikuwa mtu huru, yuko juu ya mnazi. Sasa nani kakwambia huyo mwanamume wa uani alikuja mume akiwa ndani?"

"Watu... watu wanasema."

"Watu gani?" aliuliza Mzee Mwinyijuma. "Mimi ndiye mwenyekiti hapa, na nimelisikia leo. Hawa wenzangu wamelisikia sasa hivi, pamoja nawe."

Jasho lilimtoka Ibrahimu juu ya mdomo. Alitazama gari lake, akamkuta Yasini amekwisha kuegemea mlango wake. Ndipo akafanya jambo lililomchukiza Mwatum kuliko jaa lote: akatabasamu, akashusha sauti, kana kwamba wote wawili ni watu wa ofisi moja.

"Inspekta, tuwe wakweli. Kaya kumi na mbili ni nini? Makuti matupu. Ziwe na jokofu, zisiwe nalo, pato la taifa halitikisiki hata nukta ya mwisho. Nilimweleza Mselem hivyo hivyo. Hakutaka kunielewa."

"Ukamfanya aelewe kisimani."

Mwatum alimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake uliokuwa jaani, akakaza, na yule mtu akageuza uso pembeni kwa harufu. Pingu zilipolia, mzee mmoja alitema mate chini, akaomba radhi kwa wenzake kwa kuchafua baraza.

"Kesho Sele anatoka?" aliuliza Mastura. Bado alisimama palepale, katikati ya wanaume, hajui kama arudi ndani au asirudi.

"Kesho asubuhi nakwenda na jalada mimi mwenyewe. Mchana utakuwa naye."

Pazia likafunguka. Mama mkwe alitoka akiegemea bakora, mwanamke mkavu, uso umekunjamana. Wazee wakasogea. Alimtazama Ibrahimu kwanza, kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akamgeukia mkwewe.

"Unasimama nini hapo?" alisema yule bibi. "Ingia ndani, mwanangu, uteke maji. Mumeo anarudi kesho, na uani kote kunanuka."